Jabia Halikupasuka

Sogea kidogo, wewe unayenisoma, ukae kama wanavyokaa wanafunzi wangu, goti kwa goti, maana nimezoea kueleza kwa mtu aliye karibu. Kwa miaka mingi nimefundisha wasichana mambo ya tahara katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Mombasa: namna ya kutawadha, namna ya kuoga, maji gani yanafaa na yapi hayafai. Anayekosea simgombezi. Humwambia, "Rudia, mama, hujachelewa." Wazazi wao hunisifu kwa subira hiyo, nami huinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Wiki tatu zilizopita tulimzika Mjomba Shee, ndugu wa mama yangu, na tangu siku hiyo kila nikitaka kumwambia mtoto kwamba hajachelewa, naishia kwenye neno rudia tu.

Tangani tulikaa wanawake watupu katika chumba kirefu, mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta, masinia ya wali na mchuzi wa papa yakiingia kutoka kwa majirani. Unajua tanga lilivyo. Siku ya kwanza ni kilio, siku ya pili watu huanza kumkumbuka marehemu kwa mambo yake, na siku ya tatu kicheko hupenya. Bibi mmoja wa Chovai, kisiwa chetu karibu na Kismayo, aliyeletwa huko kuolewa kabla mimi sijazaliwa, alikuwa akichambua miba ya samaki huku akisema kwa lafudhi ya kisiwani, ambako mtu ni mchu, "Mchu mwema yule, Mungu amrehemu. Mkono wake tu ndio uliokuwa na nuksi." Msichana mmoja akauliza ni mkono gani. "Hee, hujui habari ya jabia? Alijenga jabia la maji ya mvua huko bara, mkabala na Chovai, akajisifu kisiwa kizima. Vita vikaja, wachu wanakimbia, wanafika pale na kiu, wanalikuta limepasuka, kavu! Kwa kinywa chake mwenyewe alisema, nilichanganya chokaa vibaya." Mwingine akadakia, "Kwani aliikoroga na uji?" Wakacheka kile kicheko cha tanga, cha kubanwa na ncha ya leso. Hata mjane wake, Mkaza Mjomba Rukia, aliyekuwa amekaa pembeni na eda yake, alicheka akafuta macho. "Alikuwa akijiita hivyo mwenyewe," akasema. "Fundi wa maji yasiyokaa." Mimi nilikuwa nimeshika tonge. Nililirudisha kwenye sinia, nikatazama punje za wali. Katika chumba kile, na katika dunia nzima iliyobaki, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba jabia halikupasuka.

Habari za wazazi wangu nitaziacha, hazihusiki hapa. Nitakueleza mwaka mmoja tu, ule mwaka serikali ilipoanguka Mogadishu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiishi Kismayo katika ua wa Mjomba Shee. Ua wenyewe ulikuwa nusu nyumba na nusu kazi: huku jiko na chumba changu, kule marundo ya mawe ya matumbawe, shimo la chokaa lililofunikwa kwa mabati, na chini ya bati la mwisho, kivulini, mbwa wetu Doria. Mjomba alikuwa mwashi na hakuwa ameoa. Mimi nilikuwa nikisoma fiqhi kwa mwalimu mwanamke, Bi Nuru, na nilikuwa mwepesi wa kukariri. Wepesi ule ulinilevya. Mjomba aliniita Maalim kwa dhihaka. "Maalim, chai hii ina chumvi, yafaa kunywewa?" Nami nilimjibu kwa hukumu na dalili zake, mpaka chai ikapoa.

Hapa nisimame nikueleze jambo, polepole, si gumu. Katika madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi nzito. Mbwa akiramba chombo, kilichomo humwagwa, na chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu hapana neno. Shida ni umajimaji. Wasiotujua hudhani kwamba twawachukia mbwa. Si kweli. Mbwa wa kulinda shamba anaruhusiwa, na ukimweka ni wajibu wako kumlisha. Doria alikuwa mbwa wa shamba. Mjomba alikuwa na kishamba cha muhogo huko bara, karibu na mwambao, na nyani walikijua kuliko yeye. Kwa hiyo Alhamisi alfajiri, chuo cha Bi Nuru kikifungwa na kazi ikisimama hadi Jumamosi, tulikuwa tukipanda boti la mashine la Bakari, sisi na mbwa wetu, tukenda kupumua siku mbili.

Bakari alikuwa mtu wa maneno. Safari moja alitutumia habari kwamba atang'oa nanga Jumatano asubuhi badala ya Alhamisi, kwa kuwa barafu ya wavuvi ilitakiwa visiwani mapema. Nilikuwa na somo kwa Bi Nuru alasiri ile. Mjomba akaniuliza, "Utakosa nini?" Nikasema, "Somo moja tu, nitanakili kwa wenzangu." Tukashuka pwani. Bakari alipomwona Doria akashika kiuno. "Shee! Huyo naye abiria?" "Abiria, tena wa mbele," Mjomba akajibu. "Maji yakimrukia akajikung'uta, boti langu zima nitalisugua kwa udongo mara saba. Utanishikia ndoo wewe?" "Mpwa wangu yupo. Amesoma. Atamweka mkavu." Basi nilikaa omoni, mbele kabisa ya boti, juu ya gunia, nimemshikia mbwa mwavuli mweusi wa Mjomba wenye ubavu mmoja uliovunjika. Kila wimbi likija nauinamisha mwavuli upande wake, nami nalowa. Doria alikaa wima chini yake akitazama mbele kama bibi harusi. "Wallahi," Bakari akapiga kelele kutoka nyuma, "mbwa ana mwavuli, na mimi nahodha nachomwa utosi!" Mjomba akamwambia, "Ota manyoya, nawe utafunikwa." Nilicheka mpaka nikakaribia kuuangusha mwavuli. Sijui kama maishani mwangu nimepata asubuhi nyingine nyepesi kama ile. Saa ambayo tulikuwa tumefika na kula, tumejilaza, wenzangu walikuwa wamekaa mbele ya Bi Nuru wakisoma mlango wa maji katika kitabu chetu cha fiqhi. Jumamosi nilimuuliza mwenzangu mmoja walisoma nini. "Maji tu," akasema. "Ya mvua, ya mto, ya kisima, ya bahari." Hayo niliyajua. Sikunakili.

Laiti ungelipaona pale shambani. Kibanda cha vyumba viwili, kuta za udongo zilizopakwa chokaa iliyobaki kazini, harufu ya moshi na ya magunia. Bibi yangu, mama yake Mjomba, alivuka kutoka Chovai kila tulipokuja, ameleta samaki changu wa kukausha, nazi mbili na habari za wiki nzima. Mchana tulikula muhogo wa kuchoma kwa samaki na pilipili ya kusaga, usiku chai ya tangawizi. Doria alipewa vichwa vya samaki kwenye kifuu chake mwenyewe, kilichowekwa mbali na vyombo vyetu. Nyuma ya kibanda ndipo lilipokuwa jabia. Lilikuwa la mawe na chokaa, urefu hatua nne, upana hatua tatu, ukuta wake wanifika kifuani, limefunikwa kwa makuti. Mjomba alikuwa amelijenga kwa mikono yake misimu miwili. Plasta ya ndani aliisugua kwa jiwe la pwani siku tatu mfululizo hata ikawa laini kama yai. Sakafu iliinama kidogo kuelekea tundu la chini, na tundu lilizibwa kwa kizibo cha mti wa mkoko kilichovikwa kitambaa, ili jabia lisafishwe kabla ya mvua. Kila tulipofika, kabla ya salamu, Mjomba aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akategesha sikio, akasema, "Mzima." Bibi akamwambia, "Mke hupati kwa sababu hiyo. Nani ataolewa uke wenza na jiwe?"

Huku nyuma mji ulikuwa ukibadilika. Shule za serikali zilikuwa zimefungwa, maduka yakifunguliwa nusu mlango. Redio iliwashwa kila nyumba, na watu waliongea kwa sauti ya chini kama kwamba redio ingeliwasikia. Safari ya mwisho, Bibi alimuuliza Mjomba kama mji ni salama, nami nikasikia kupitia ukuta. "Vita viko Mogadishu, mama. Huku watafuata nini, papa?" "Wamefuata nini kwingine?" Bibi akasema. Mjomba akasema, "Siku mbili tu, tupumzike. Jumamosi tutarudi tuone."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Tulikuwa tumekwisha jaza madumu mawili ya maji ya kunywa. Nyani mmoja aliyekuwa ameiba muhogo alikimbia juu ya ukuta wa jabia akavuka ng'ambo. Doria akamfuata kwa kasi, akaruka juu ya makuti. Nyani ni mwepesi na mbwa ni mzito. Makuti yakazama naye. Tulipofika alikuwa akiogelea akizunguka, pua juu, ananywa huku akiogelea, na nadhani aliona ni karamu. Mjomba akaingia, maji yakamfika mapajani, akamkumbatia akamtoa, wote wawili wakichuruzika maji. Mjomba alikuwa akicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale nikahisi kifua kinajaa, kwa kuwa hatimaye jambo limetokea ambalo mimi peke yangu ndiye ninayejua hukumu yake.

"Mjomba, maji haya sasa ni najisi."

"Yote?"

"Yote."

"Mama we, hili ni jabia, si kikombe."

"Chombo ni chombo. Mbwa akikiramba, humwagwa, kikaoshwa mara saba."

"Na bahari je? Huyu huoga baharini kila siku. Tuimwage nayo?"

"Bahari ni bahari, Mjomba. Usiifanyie dini mzaha."

Aliacha kucheka. Akamtazama mama yake. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, tasbihi imening'inia mkononi. "Shee, mwache," akasema. "Huyu amesoma. Mimi na wewe tumesoma nini? Mimi nimebakiwa na sala zangu tu, sitaki zifike mbele ya Mungu zina uchafu." Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Una hakika, mjukuu wangu?"

Hapa nataka utulie nami. Nimelirudia swali lile maisha yangu yote. Halikuwa swali la ukali. Bibi alinifungulia mlango niweze kusema sijui, sijui mlango wa maji, siku ile sikuwapo, nilikuwa nimeshika mwavuli. Mjomba alikuwa amesema neno la haki kwa akili yake tu, na mimi nilimnyamazisha kwa kumtaja Mungu. "Nina hakika, Bibi," nikasema. Mjomba akainama, akazungusha kizibo kwa mikono miwili, akakichomoa. Maji yalitoka kwa mlio wa chini, kama mtu anayesafisha koo, yakatengeneza kijito katikati ya matuta ya muhogo. Yalitoka mpaka baada ya adhuhuri. Doria alikwenda akasimama ndani ya kijito akanywa tena, mkia ukicheza, na hakuna aliyemfukuza. Halafu tukaliosha jabia kwa maji ya kisima cha zamani, ambayo ni ya chumvi, hayanyweki na mtu. Mjomba alichota, Bibi alisugua, mimi nilisimama ukingoni nikihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Mara ya nne tulitia udongo. Nilikuwa na furaha. Nakuambia ukweli, nilikuwa na furaha kubwa.

Jumamosi Bakari hakuja. Jumapili, jua limepanda, Doria akabweka upande wa njia ya kaskazini, tukaona watu. Walikuwa familia tatu au nne waliotoka Kismayo kwa miguu tangu Ijumaa, vumbi limewafanya rangi moja. Walituambia kwa maneno machache kwamba mji umeingiwa na watu wenye bunduki na kwamba wao wanakwenda Ras Kamboni, wavuke mpaka. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, huyu wa mkononi midomo imepasuka. "Biyo ma haysaan?" akauliza kwa Kisomali, mna maji? Mwanamume mrefu aliyekuwa mbele yao hakungoja jibu. Njiani walikuwa wameambiwa kwamba hapa kuna jabia la Shee, na matumaini ya jabia lile ndiyo yaliyowasukuma tangu alfajiri. Alikwenda moja kwa moja, akaegemea ukuta, akachungulia. Alipogeuka, macho yake yaliteremka hadi kwenye tundu la chini. Mchanga pale ulikuwa bado mweusi kwa unyevu.

"Kuna nini hapa?" akauliza. Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Lakini Mjomba alikuwa amekwisha pita mbele yangu, akaweka kiganja juu ya ukuta wake mlaini kama yai. "Limepasuka," akasema. "Nilichanganya chokaa vibaya. Mimi ndiye fundi." Yule mwanamke alimtazama mikono, kidole baada ya kidole. Akasema kwa Kisomali, bila hasira, kama mtu anayetaja njia, "Fundi mbaya huua watu wengi kuliko bunduki." Mjomba akakubali kwa kichwa. Aliwapa dumu moja kati ya yale mawili yetu, likagawanywa kwa kikombe, kikombe kimoja kwa kila mtu, watoto viwili. Kisha wakaondoka kusini, na njia ile ya kusini, kaskazi, upepo wa kiangazi, ikivuma, haina kisima kitamu kwa mwendo wa siku nzima na zaidi. Mtoto wa mkononi aligeuka mara moja kumtazama Doria.

Jioni ile Bakari alifika kutoka Chovai, akatuambia tuingie upesi bila mizigo. Doria akasimama pwani akisubiri mwavuli. Hakuna aliyesema neno juu ya udongo wala mara saba. Bakari mwenyewe alimshika shingoni akampandisha. Tulikwenda Kiunga, ng'ambo ya mpaka, tukiwa tumebanana na watu wa kisiwani, na katikati ya safari mbwa akaanza kuhema, ulimi nje. Bibi alimimina maji ya fungu lake katika kiganja, akakinyoosha. Doria akakiramba mpaka kikakauka. Tulipotua Kiunga, kabla ya kukaa, kabla ya kuuliza tutalala wapi, Bibi aliinama ufukweni akanawa mkono ule mara saba, mojawapo kwa udongo, akihesabu kimyakimya. Kisha akanitazama kama anayeuliza nimefanya sawa, Maalim? Nami nikajibu kwa kichwa. Doria tulimwacha Kiunga kwa mkulima mwenye shamba na nyani wake, na mwaka uliofuata tulipata salamu kwamba ana watoto wanne.

Sisi tulipelekwa kambini, kando ya Mombasa. Turubai, foleni za unga, watu wa visiwani wote wamerundikana uwanja mmoja. Baada ya miezi michache ulikuja ujenzi wa matangi ya maji, na mafundi wakatafutwa. Mjomba akajipanga, amefua shati. Yule mwanamume mrefu alikuwamo kambini. Hakumtukana. Alisema tu kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye wa jabia lililopasuka," na waliokuwa wakiandika majina wakamruka. Mjomba akacheka, akasema, "Kweli, kweli," akatoka kwenye mstari. Nilimwona akipita tangi la kwanza likijengwa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaenda zake. Alianza kuuza kahawa kwa dele, lile birika la shaba. Na mimi, nikueleze na hili: yule mwanamume nilimwona karibu kila siku. Alikuwa amefika. Ningeliweza kumuuliza swali moja, yule mwanamke na watoto wake wawili walifika nao? Sikumuuliza. Nilikuwa nikibadilisha foleni kumkwepa.

Mwishoni mwa mwaka ule, mwalimu mmoja mzee alifungua darasa chini ya turubai, na mlango wa kwanza aliousoma ni wa maji. Alichora mraba mchangani. Akaweka mkono wake chini, kiwiko huku, ncha ya kidole cha kati kule, akasema hii ni dhiraa. Kisha akaongeza robo. "Maji yakijaa mahali penye urefu huu, upana huu na kina hiki," akasema, "yameshafika kulateni, kulla mbili. Hapo hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, ila yakibadilika rangi, ladha au harufu." Mwenzangu mmoja akauliza, "Hata mbwa akiingia?" "Hata mbwa akiingia. Maji mengi hujilinda." Nilitazama ule mraba mdogo. Haukutosha hata mbwa kulala. Jabia la Mjomba lilikuwa hatua nne kwa tatu, na maji yalimfika Mjomba mapajani.

Nilimkimbilia Mjomba alipokuwa akiosha vikombe vya kahawa, nikamwambia yote, mpaka habari ya somo nililokosa. Aliendelea kuosha. "Nilijua maji ni mengi," akasema hatimaye. "Sikujua dhiraa." Nikamwambia nitasimama mbele ya watu niseme. "Useme nini? Ukisema leo, kesho ukifundisha nani atakusikia? Wewe kazi yako ndiyo inaanza. Mimi najua kuuza kahawa. Jabia limekwisha pasuka, liache lipasuke." Akanipa kikombe nikifute. Na hapa ndipo lilipo kosa langu kubwa, kubwa kuliko kizibo. Kizibo nilikuwa sijui. Kikombe kile nilikifuta nikiwa najua, na moyoni nilihisi nafuu.

Siku ya arubaini bado, lakini sikuweza kungoja. Juzi nilikwenda kwa Mkaza Mjomba Rukia, ambaye Mjomba alimwoa kambini na ambaye hakuwahi kukanyaga shamba lile. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, toka mwavuli hadi mraba mchangani. Alikuwa akikunja kanzu za marehemu, akaacha kukunja. "Kwa hiyo halikupasuka," akasema.

"Halikupasuka."

Akaigeuza kanzu mkononi, akasema, "Miaka yote ile, hatupiti penye tangi la mtu asiligonge. Anaweka sikio. Nikamwambia, we mzee, watafuta nyufa za wenzio? Nilimcheka, mwanangu. Nilimcheka mbele ya watoto." Aliishika kanzu kifuani. "Mbona hukusema akiwa hai? Alikuwa akitamani kujenga."

Alinipa kanzu nyingine nikunje. Alipokuwa akinisindikiza mlangoni akasema, "Khitma ya arubaini, utawaambia wanawake wote. Wewe mwenyewe. Wakicheka, watacheka." Nimekubali. Karatasi hizi nimeziandika ili siku ile nisije nikapunguza kitu.

Na wewe uliyekaa nami mpaka hapa, kabla hujaondoka nenda kwenye pipa au tangi la nyumbani kwako. Usiogope, ni jambo jepesi. Weka kiwiko ukingoni, nyoosha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati. Hiyo ni dhiraa. Ongeza robo yake. Pima hivyo urefu, pima upana, kisha pima kina cha maji yenyewe, si cha tangi. Yakifika, na hayakubadilika rangi, ladha wala harufu, yaache. Na ukiwa hukuwapo siku ya somo, sema, "Sijui, ngojeni nikaulize," na mkono wako uwe mbali na kizibo mpaka utakaporudi.